Vayoleti ya Kiafrika imegoma kuchanua na sasa inaoza: jibu kwa msomaji wa Upanga

*Mtaalamu, habari za kazi. Mwaka jana mwezi wa saba nilizawadiwa vayoleti ya Kiafrika iliyojaa maua ya zambarau. Baada ya wiki kadhaa maua yakapukutika na mpaka leo haijatoa hata moja. Tunakaa Upanga, ghorofa ya tatu. Mwanzo niliiweka sebuleni kando ya televisheni. Jirani akasema maua yanataka jua, nikaitoa kwenye roshani, majani yakapauka, nikairudisha ndani. Sasa iko chumbani, chini ya kiyoyozi. Naimwagilia kila asubuhi kwa sababu ya hili joto, na natumia maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi maana ya kisima cha hapa yana chumvi. Nilidhani chungu kimekuwa kidogo, nikaihamishia kwenye kikubwa chenye udongo mweusi na samadi, nikaweka na kijiko cha urea. Majani yana alama za duara, nyeupe na kahawia. Ya chini yamelegea, na mawili yameoza kwenye kikonyo. Pale katikati bado ni kijani na pagumu. Ninachoshangaa, naambiwa ua hili asili yake ni Tanga. Sasa joto la Dar litalishindaje? Mume wangu anasema nilitupe. Binamu yangu wa Muheza anasema anaweza kuniletea jingine kutoka msitu wa Amani, la porini, ambalo ni gumu zaidi. Nifanyeje?*

Dada yangu, kabla hujaendelea kusoma: leo usimwagilie, na kesho usimwagilie. Mmea uliolegea majani huku udongo wake umelowa hauna kiu. Mizizi imeoza, na kila kikombe cha maji unachoongeza kinazidisha uozo. Lililonipa moyo katika barua yako ni hiyo sentensi kwamba katikati bado ni kijani na pagumu. Hapo ndipo penye moyo wa mmea, panapozaliwa majani machanga yote. Moyo ukiwa mzima, kuna la kufanya. Na hata ukifa, jani moja lenye afya linatosha kuanzisha mmea mpya. Mwambie shemeji asubiri kidogo.

Nianze na hilo la Tanga, kwa sababu makosa mengi ya utunzaji yanatokana nalo. Ni kweli ua hili ni la kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland, aliyesimamia bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akaliandika kisayansi kwa jina la Saintpaulia ionantha. Siku hizi wanasayansi wanaliweka katika jenasi ya Streptocarpus, ila wapenda maua wengi bado wanatumia jina la zamani. Linaota Usambara, Uluguru, Nguru na sehemu chache za Kenya, kama vilima vya Taita.

Lakini tazama linavyoishi huko. Amani, katika Usambara Mashariki, iko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake ni kama nyuzi 20 tu. Vayoleti inaota chini ya kivuli cha miti mikubwa, imejishika kwenye nyufa za miamba, mara nyingi karibu na kijito, juu ya tabaka jembamba la ukoga na majani yaliyooza. Ipo pia inayoota chini, kwenye miamba ya chokaa ya bonde la mto Sigi jirani na mji wa Tanga, ambako joto halipishani sana na la kwenu. Hata huko imejificha kwenye kivuli cha korongo, na maji yanateremka kwenye mwamba bila kutuama. Kwa hiyo joto la pwani vayoleti inaweza kulivumilia kwa kiasi. Haiwezi kuvumilia joto, jua kali na udongo uliolowa vikija pamoja, na ya kwako imevipata vyote.

Sasa tuone kilichotokea chini ya udongo. Mizizi ya vayoleti ni myembamba kama nyuzi na haiendi mbali. Inapumua. Udongo mzuri una matundu madogo yenye hewa kati ya chembe na chembe, na mizizi huvuta oksijeni humo. Ukimwagilia kila siku matundu hayo yanajaa maji, na oksijeni inapita ndani ya maji polepole mno kuliko inavyopita hewani. Joto linazidisha tatizo, kwa kuwa mizizi inahitaji oksijeni nyingi zaidi kukiwa na joto, huku maji ya moto yakibeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Mizizi inakosa pumzi na kufa, kisha vimelea vya uozo vinavyopenda maji vinaingia na kupanda hadi kwenye shingo ya mmea. Mzizi uliokufa haunyonyi maji, hivyo majani yanalegea. Mwenye mmea anayaona yamelegea, anadhani ni kiu, anaongeza maji. Vayoleti nyingi majumbani hufa kwa mzunguko huo, na hufa mikononi mwa watu wanaozipenda.

Chungu kikubwa nacho kilichangia, ingawa nia yako ilikuwa njema. Mmea mdogo katika udongo mwingi hauwezi kunywa maji yote, kwa hiyo udongo usiofikiwa na mizizi unabaki umelowa siku nyingi. Vayoleti inataka chungu kinachoibana. Pima upana wa majani yote kutoka ncha hadi ncha, kisha gawa kwa tatu: kama ni sentimita 24, chungu chako kiwe cha sentimita 8 mdomoni. Kitaonekana kidogo kuliko ulivyozoea, na ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Udongo mweusi na samadi tuwaachie mchicha na nyanya.

Kazi ya kuuokoa ifanye jioni, nyumba ikiwa imepoa. Toa mmea kwenye chungu, pukuta udongo, suuza mizizi taratibu kwa maji yasiyo baridi. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya krimu na unashikika. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta ganda linatoka na kukuachia uzi. Ondoa yote iliyooza. Ondoa majani yaliyolegea kabisa na yale yaliyooza kikonyo, ukiyavuta kando ili yang'oke hadi kwenye shina na yasiache kisiki. Kisha angalia shingo. Kwa kisu kikali ulichokifuta kwa spiriti, kata vipande vyembamba kuanzia chini kwenda juu mpaka uone nyama ya kijani kibichi isiyo na doa la kahawia katikati. Usione huruma hapa. Doa dogo utakaloliacha litaendelea kupanda na wiki mbili zijazo utarudi ulipokuwa.

Ukibaki na moyo wenye majani sita au saba na kipande kifupi cha shingo safi, hiyo inatosha hata kama haina mzizi hata mmoja. Kwangua shingo kidogo kwa upande wa kisu, uiache ikauke kwa saa moja, kisha ipande kwenye chungu kidogo chenye tundu, majani ya chini yakikaa karibu na ukingo. Mchanganyiko mzuri ni sehemu mbili za kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, na sehemu moja ya perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ukikosa perlaiti, tumia makaa yaliyopondwa na kuchekechwa kuondoa vumbi, au pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka majivu. Kokopiti ya pwani mara nyingi ina chumvi, hivyo iloweke na kuikamua mara kadhaa kabla ya kuitumia. Unyevu uwe wa kiasi hiki: ukifinya konzi moja, ishikamane bila kudondosha tone.

Halafu ingiza chungu chote kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ufunge juu, uweke mahali penye mwanga lakini pasipofika jua kabisa. Mmea usio na mizizi hauwezi kurudisha maji unayopoteza kupitia majani, na mfuko unapunguza upotevu huo mpaka mizizi mipya itoke. Jua likiupiga mfuko, mmea utaiva. Fungua mdomo wa mfuko kila baada ya siku mbili tatu ubadilishe hewa. Baada ya wiki tatu au nne utaona majani ya katikati yameanza kukua, na ukiuvuta mmea kidogo utahisi umeshika. Hapo anza kuuacha mfuko wazi, muda ukiongezeka siku hadi siku, ndipo uuondoe.

Siku hiyohiyo ya upasuaji weka akiba. Chagua majani mawili au matatu mazima ya mduara wa kati, yasiwe ya chini yaliyozeeka wala ya katikati kabisa. Kata kikonyo mshazari ubakize sentimita mbili au tatu, kichomeke kwenye mchanganyiko uleule, ufunike kwa mfuko. Mizizi hutoka ndani ya mwezi hivi, na baada ya miezi miwili mitatu utaona vijimea vidogo vikitokeza chini ya jani. Vikiwa na majani yenye upana wa sarafu vitenganishe, kila kimoja na chungu chake. Kutoka jani hadi ua la kwanza hesabu miezi minane hadi mwaka. Ni safari ndefu, lakini haina gharama, na hata mmea mama ukishindwa utakuwa na watoto wake.

Sasa zile alama za duara. Hizo si ugonjwa na haziambukizi, kwa hiyo usinunue dawa ya ukungu kwa ajili yake. Jani la vayoleti lina malaika laini, yaani vinyweleo, kila mahali, na chini kidogo ya ngozi yake ya juu kuna seli zinazobeba rangi ya kijani. Maji baridi yakigusa jani lenye joto, joto la sehemu ile linashuka ghafla, seli hizo zinaharibika, na mahali pale panapauka kwa kufuata umbo la tone au mkondo wa maji. Yanayodondoka kwenye kiyoyozi hutoka yakiwa baridi, nawe unayamwaga juu ya mmea asubuhi. Alama zilizopo hazitafutika. Utajua umefaulu pale majani mapya yatakapotoka safi.

Lakini maji hayo usiyaache. Hapo ulifikiri vizuri kuliko unavyojua. Maji ya kiyoyozi ni mvuke wa hewani uliopozwa, hivyo karibu hayana chumvi, wakati ya visima vingi vya Dar yanaacha chumvi kwenye udongo mpaka unaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na vikonyo vinavyoulalia vinaungua. Yakinge kwenye chupa, yafunge kwa kifuniko kwa sababu mbu wa dengi huzaliana kwenye maji yaliyotuama, uyaache usiku kucha yalingane na joto la nyumba. Fundi akisafisha kiyoyozi kwa dawa, mwaga maji ya siku kadhaa zinazofuata. Maji ya mvua pia ni mazuri sana.

Namna ya kumwagilia nayo ibadilike. Mimina maji kwenye kisahani chini ya chungu, yaache yanyonywe kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Usingoje yakauke yenyewe. Siku ya kumwagilia tena isipangwe kwa kalenda. Inyanyue vayoleti pamoja na chungu chake baada ya kunywa ujue uzito wake, na uinyanyue tena kila siku mbili. Ikiwa nyepesi kabisa na udongo wa juu ukawa mkavu kwenye kidole, ndipo unapomwagilia. Kwa chungu kidogo katika nyumba ya Dar inaweza kuwa kila baada ya siku nne, au saba, kulingana na msimu na kiyoyozi. Mara moja kwa mwezi mwagilia kwa juu, kando ya chungu bila kugusa moyo, maji mengi yapite hadi chini, ili chumvi iliyojikusanya itoke. Malaika yakishika vumbi, tumia brashi laini.

Umeuliza zaidi kuhusu maua, nami nimekucheleweshea kwa sababu mmea unaooza hauchanui. Nieleze sasa yanavyotoka. Ukiangalia kwa makini utaona kikonyo cha maua kinachomoza kwenye kwapa la jani, pale jani linapokutana na shina. Kwa kawaida kwapa moja linatoa maua mara moja, kisha basi. Majani ya chini uliyonayo yalishamaliza zamu yake huko kitaluni. Maua mapya yatatoka kwenye makwapa ya majani mapya, hivyo mmea usioongeza majani hauna mahali pa kutolea ua. Ndiyo maana uliupata umejaa maua kisha ukanyamaza: yale matumba yalikuwa yameshaundwa kwa mkulima, kwenye mwanga mzuri. Yalipokwisha, mwanga wa kando ya televisheni haukutosha kuunda mengine.

Macho yetu yanatudanganya kuhusu mwanga wa ndani. Sebule tunayoiona ina mwanga mzuri ni giza kwa mmea mara tu unapokaa mita mbili kutoka dirishani. Mmea wenyewe ukiusoma utakuambia. Vikonyo vikirefuka na majani kunyanyuka juu, unatafuta mwanga. Majani yakipauka, yakakakamaa na kujikunja chini kukikumbatia chungu, umezidishiwa, na hilo ndilo lililotokea roshani. Katika hali nzuri majani yanalala bapa, na mkono ukiuweka juu ya mmea mchana unaona kivuli chenye kingo laini, kisicho cheusi tii.

Hapa jihadhari na vitabu vya Ulaya na Marekani. Vinasema weka dirisha la kaskazini, au epuka la kusini, na ushauri huo ni wa nchi ambazo jua huwa kusini mwaka mzima. Dar jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na katikati ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba saa sita mchana liko upande wa kaskazini, hasa Juni ambapo linaingia vizuri kwenye madirisha ya kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi Machi liko upande wa kusini, ingawa juu sana kiasi kwamba varanda ya ghorofa ya juu yenu hulizuia. Dirisha lisiloleta utata ni la mashariki. Weka mmea karibu na kioo, pata jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha pazia jepesi. Dirisha la magharibi usilitumie, jua la saa tisa alasiri pale Upanga litauchoma hata nyuma ya pazia.

Kama huna dirisha la mashariki, taa ya kawaida ya LED nyeupe, ikiwekwa sentimita 25 au 30 juu ya mmea kwa saa 12 hadi 14 kwa siku, inafanya kazi vizuri kabisa. Usiku uizime, kwa kuwa vayoleti inahitaji giza la saa nane hivi ili ichanue. Wapo watu wanaotoa maua mazuri sana kwenye kabati la vitabu lisilo na dirisha.

Jambo jingine linalozuia maua ni machipukizi. Mara nyingine kwenye kwapa kunatoka kijimea kidogo badala ya kikonyo cha ua. Ukikiacha kinakuwa moyo wa pili, halafu wa tatu, mmea unakuwa kichaka cha majani na nguvu inagawanyika. Chipukizi likiwa na majani manne ya malaika na huoni tumba, liondoe kwa ncha ya penseli. Kila mwezi ondoa pia jani moja au mawili ya chini kabisa yaliyochoka.

Sasa ukweli ambao wauza maua hawatakuambia. Vayoleti inachanua vizuri zaidi kwenye nyuzi 18 hadi 24. Dar kuanzia Desemba mpaka Machi mchana unapita nyuzi 30, na usiku haupoi sana. Katika miezi hiyo matumba mengi hukauka kabla ya kufunguka, na hata ukiwa hodari wa kutunza, lengo lako liwe kuufikisha mmea Juni ukiwa hai na majani mazuri. Maua utayapata kipupwe. Kiyoyozi kinasaidia ukiwasha usiku, ila usiuweke chini yake: upepo ule mkavu unakausha ncha za majani na matumba. Uwe upande wa pili wa chumba. Na chumba kilichofungwa mchana kutwa bila hewa ndicho kibaya kuliko vyote, kwa hiyo kama nyote mnakwenda kazini, mmea ukae sebuleni dirisha likiwa wazi nyuma ya wavu. Ile sahani ya kokoto na maji ya kuongeza unyevu wa hewa huihitaji, hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha na kuzidi.

Urea usirudie. Ni mbolea kali, na bakteria wa udongo wanapoivunja inatoa amonia, inayounguza mizizi laini kama hii. Pia nitrojeni yake nyingi hukuza majani badala ya maua. Mmea usio na mizizi usiupe mbolea ya aina yoyote. Ukishashika na kuanza kukua, baada ya miezi miwili hivi, tumia mbolea ya maji yenye NPK zilizolingana, yaani nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiwango sawa, kama 20-20-20, robo ya kipimo kilichoandikwa, kila wiki mbili, udongo ukiwa tayari na unyevu. Maganda ya mayai na majani ya chai hayatakusaidia katika hili, na kwenye chungu kidogo yanavuta vijinzi. Wala usikimbilie mbolea za kuleta maua zenye fosforasi nyingi, kwa kuwa penye upungufu wa mwanga hazibadilishi kitu.

Kuna hali ambazo maandishi hayatoshi. Ukiona majani ya katikati yamejibana, yamekuwa madogo, magumu na yenye malaika mengi ya kijivu, huenda ni utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho. Ukiona vitu kama pamba nyeupe kwenye makwapa au kwenye mizizi ulipoutoa, ni vidung'ata. Tenga mmea mbali na mingine, weka jani lenye dalili kwenye mfuko uliofungwa, piga picha kwa karibu, uende kwa ofisa kilimo wa manispaa au kwenye kitalu chenye mtaalamu anayejibu maswali yako bila kukimbilia kukuuzia. Vidung'ata vichache unaweza kuviondoa kwa pamba yenye spiriti. Utitiri, kwa mmea mmoja wa nyumbani, ushauri wangu ni kuutupa pamoja na udongo wake. Usikubali dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa bila lebo, na usipulizie dawa yoyote chumbani mnapolala. Vayoleti yenyewe haina sumu, mtoto au paka akitafuna jani usihangaike. Dawa ya wadudu ikimezwa, kimbilia hospitali na chupa yake mkononi.

Imebaki ya binamu. Tafadhali mkatalie kwa upole. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na kuchukua mimea humo bila kibali ni kosa. Zaidi ya sheria, baadhi ya aina za vayoleti za porini zimebaki kwenye miamba michache tu, na msitu unaozizunguka ukikatwa hukauka kwa jua. Zile ndizo chanzo cha vayoleti zote zinazouzwa duniani, na zikiisha hakuna pa kuzirudisha. Hata faida kwako haipo: ya porini si ngumu zaidi, imezoea mwamba wake, na maua yake ni madogo na machache kuliko ya hii ya kwako iliyochaguliwa kwa miaka mingi kwa ajili ya madirisha.

Badala yake, binamu akupeleke Amani mwenyewe, mlipe kiingilio na mchukue mwongozaji awaonyeshe zinapoota. Na kama majani yote yatashindwa, nunua mmea mwingine kitaluni mwezi wa sita au wa saba, wakati hauchemki njiani. Chagua wenye matumba mengi na maua machache yaliyofunguka, geuza majani uangalie chini yake, bonyeza shingo uhakikishe ni ngumu, na ukifika nao nyumbani uache kwenye chungu chake kilekile.